Damu Yenye Hiliki

Jamani, nitawaambia mwenyewe, maana nikikaa na jambo hili peke yangu naona linazidi kunenepa, na ni afadhali mnicheke hapa kuliko mnicheke sokoni ninapochagua nyanya: mimi Zuhura, mwalimu wa sayansi ya chakula, nilisimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwaonya kuhusu rangi za vyakula, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa mwekundu kama kilemba cha jogoo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa mkataba katika chuo kimoja huku Kilifi, mkataba wenyewe umebakisha majuma mawili, na mkuu wa idara yetu, Dokta Kahindi (mzaliwa wa Adu, mtu ambaye hata chafya huipiga kwa utaratibu), alikuwa ameniambia atakuja kukaa nyuma ya darasa anisikilize, kisha aamue kama nibaki au nirudi kijijini kwetu Barani kumkunia mama nazi. Mada ilikuwa changamoto zinazoikabili sekta ya chakula. Nilijiandaa, wallahi nilijiandaa, hata nikamwalika jirani yetu Bi Rukia, mtengenezaji wa mabuyu, zile mbegu za mbuyu zinazopikwa kwa sukari na rangi, aje awaeleze wanafunzi taabu za kazi yake kwa kinywa chake.

Bi Rukia alifika mapema mno, akanikuta ofisini.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Haya, shika mizigo yako."

Alinipa mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa mabuyu mekundu, yale tuliyokua nayo, na wa pili ulikuwa wa mabuyu meupe, sukari ileile, hiliki ileile, ila rangi hata tone. "Haya meupe ndiyo jaribio langu," akasema. "Waonje, waniambie ukweli." Kisha akatoka kwenda kukaa kibarazani angoje kuitwa.

Nikabaki na mifuko, na sikuwa nimetia hata chai tumboni. Nikasema, moja tu, la kutuliza moyo. (Mtu wa kula buyu moja tu bado hajazaliwa.) Nikafungua mfuko wa mekundu. Sukari ikayeyuka taratibu, ukaja uchachu wa ubuyu, hiliki ikapanda puani kama mgeni anayepiga hodi naye ameshafika sebuleni, mwisho pilipili ikafunga mlango, na nilipozinduka nilikuwa nimefika nusu ya mfuko na saa ya somo imefika. Nikafuta vidole kwa leso yangu ya mkononi, nikaibeba mifuko yote miwili, nikakimbia darasani. Kioo? Kioo nilikiona wapi?

Nilianza vizuri. Nilisema juu ya maembe yanayooza kwa kukosa ghala la baridi, juu ya vifungashio, juu ya barabara mbovu, na joto lilivyozidi nikawa najipangusa paji la uso kwa leso ileile, mara kushoto, mara kulia, kama mtu anayepaka ukuta. Ndipo nikafika kwenye rangi, nikapandwa na hamasa.

"Mimi binafsi," nikanguruma, "kitu chenye rangi nisiyoijua asili yake hakipiti hapa!" Nikaachama kinywa chote na kukionyesha kwa kidole.

Wanafunzi wa huku kwetu waliinama chini ya madawati, mabega yakiwatetemeka. Lakini Muthoni, binti aliyetoka Nyeri na ambaye hajamaliza hata muhula mmoja pwani, alisimama ghafla.

"Mwalimu, unatoka damu!"

Hapo ndipo ningesema kweli, yakaisha. Lakini nilimtazama Dokta Kahindi kule nyuma ya darasa, kalamu yake imesimama hewani, nikauona mkataba wangu ukisimama pamoja nayo.

"Ni jino tu," nikasema. "Nimeng'oa jino asubuhi."

"Pole, mwalimu," akasema Baraka, kijana wa Malindi, uso mkavu kabisa. "Jino lenyewe lilikuwa la kwenye paji la uso?"

Nikagusa paji. Nikatazama leso. Ya Rabi!

Muthoni, ambaye kumbe alisomea huduma ya kwanza, hakungoja. Alinikalisha, akaniinamisha kichwa, akatuma barafu iletwe kutoka maabara, na Dokta Kahindi mwenyewe akaja akinipepea kwa ile fomu ya kunitathmini. Mtu akapiga kelele, "Mwiteni yule mama hapo nje, wazee wanajua dawa!" Nikataka kusema asiitwe, lakini barafu ilishajaa kinywani.

Bi Rukia akaingia mbio, akanifuta mdomo kwa pindo la leso aliyojitanda. Akalitazama lile pindo. Akalinusa.

"Zuhura mwanangu," akasema polepole, "damu yako ina hiliki." Akanusa tena. "Na hiliki yenyewe ni yangu."

Msiniulize kicheko kilifika wapi. Nadhani Mtwapa walisikia.

Bi Rukia hakucheka. Aliuinua mfuko wa meupe kutoka mezani, akawaonyesha wanafunzi fundo lake, halijaguswa. "Mliniita niwaambie taabu yangu. Nikitia rangi mwanisuta, nisipotia mwanipita. Huyu mwalimu wenu nilimwachia mifuko yote miwili, hakuna aliyemtazama. Alifungua upi?"

"Wa mekunduuu!" darasa zima likaitikia, na nikaona kalamu zikiandika kwa mara ya kwanza siku ile.

Dokta Kahindi akarudisha fomu mfukoni. "Mwalimu Zuhura, jino linaendeleaje?"

"Limepona, Dokta."

"Vizuri. Hizi sampuli nitazichukua mimi, nikazichunguze."

Siku tatu nzima sikula wala sikulala. Ya nne ikaja barua: nimeongezewa mwaka mmoja, na mada ile niifundishe tena, pamoja na Bi Rukia. Pembeni mwa sahihi kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu. Na juu ya barua umewekwa mfuko wa meupe, nimerudishiwa, fundo halijaguswa.

Nililifungua mwenyewe. Ni matamu, jamani, matamu yaleyale. Na nimeapa: sitamkataza tena mtu kitu chochote kabla sijasimama mbele ya kioo nikautoa ulimi wote nje.