Choki ya Pikapu ya Baba

Harufu ya petroli mbichi asubuhi ya baridi hunirudisha hadi leo uani kwetu Kola, mwezi wa Julai, ukungu umelala juu ya mashamba, na pikapu ya marehemu baba imekataa kuwaka mbele ya wazee wa ukoo.

Pikapu hiyo ilikuwa kuukuu hata kabla sijazaliwa. Choki yake, ile ya kuiongezea injini petroli wakati wa baridi, ilikuwa ya kuvuta kwa mkono, na kwa kuwa kitufe chake hakikukaa mahali kikivutwa, baba alikibana kwa kibanio cha nguo. Ni yeye tu aliyejua kivutwe kiasi gani. Ukikivuta kidogo, injini iliyolala kwenye baridi haiamki. Ukizidisha, petroli inafurika na ua wote unanuka. Baba alipokufa aliondoka na kipimo hicho, akatuachia kibanio.

Matanga yalipoisha, mdogo wake baba, Kioko, alizunguka pikapu akigonga magurudumu kwa kiatu.

"Shemeji, hii gari itaozea hapa," alimwambia mama. "Nani ataiwasha? Wacha niipeleke kwangu Kalama. Nitakuwa naletea watoto unga."

Pikapu ndiyo iliyopeleka maembe yetu na ya majirani soko la Tala. Hatukuwa na kitu kingine cha kututegemeza, na unga wa Baba Mdogo tulikuwa tumeahidiwa tangu zamani bila kuuona.

"Itawashwa na mtu wa hapa," mama alisema.

"Nani?"

"Mwende."

Baba Mdogo alinitazama, nikiwa na sare ya shule ya msingi, akacheka mpaka akakohoa. Ni kweli baba alikuwa amenifundisha kuendesha shambani, lakini kuwasha aliwasha yeye. "Sawa. Jumamosi naleta wazee. Ikiwaka, ikae. Ikikataa, naichukua."

Mama alimwita Mwanzia, fundi wa umeme wa magari kutoka mjini Machakos. Alifika kwa bodaboda, amepakata choki ya stima aliyoing'oa kwenye gari bovu: kidude cheusi cha duara, ndani kina springi. Springi ikiwa baridi, kilango cha hewa kwenye kabureta hufungwa na injini hupata petroli nyingi ya kuamkia. Stima ikiingia, springi hupata joto na kilango hufunguka polepole chenyewe.

"Hii ni choki ya watu wavivu," alisema Mwanzia. "Hata Baba Mdogo wako angeiweza."

Alitaka kuchukua stima moja kwa moja kutoka kwa betri, kwa sababu ilikuwa karibu. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya gunia, amejifunika leso mbili kwa kuwa hakuwa mzima siku hizo, alimuuliza:

"Na gari ikiwa imelala, hiyo waya itakuwa inakunywa stima?"

"Itakunywa, Mama Mwende."

"Basi hapana. Tafuta mahali stima inakuja na ufunguo."

Mwanzia akaupitisha waya kwenye tundu la mpira hadi kwenye fyuzi inayopata stima ufunguo ukifunguliwa tu, mimi nikimshikia koleo. Kisha akanikalisha kwenye usukani. Kanyaga mafuta mpaka chini mara moja, achilia, washa. "Na ukifungua ufunguo, hakuna kungoja. Choki haijui kama injini imewaka. Inajua tu stima imekuja. Ukikawia, inafunguka injini ikiwa bado baridi, na hapo utalia."

Jumamosi walikuja wazee watatu. Nilikanyaga, nikaachilia, nikafungua ufunguo. Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi.

"Ngoja, mwiitu, binti yangu," alisema Mzee Ndeto, mkubwa wao, akivua kofia. "Hatuanzi kitu bila kuomba."

Kwetu hata chai haimiminwi kabla ya maombi, na mzee akiomba hakuna wa kutikisika. Nilifumba macho, mkono wangu ukiwa juu ya ufunguo. Mzee Ndeto alimwombea baba, akaomba mvua, akatuombea sisi watoto, akayaombea magurudumu yote manne. Tuliposema amina, nilizungusha ufunguo. Starta ililia, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nilijaribu tena, nikikanyaga ovyo kwa hofu, hadi petroli ikanuka ua mzima.

Baba Mdogo alifungua mlango. "Toka, mwanangu. Si makosa yako. Hii ni kazi ya wanaume." Alinyoosha kiganja apewe ufunguo.

Nilimtafuta mama. Alikuwa mlangoni pa jikoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, mdogo wangu Kasyoka akilia nyuma ya leso yake. Alinitazama. Hakusema neno, wala hakupiga hatua hata moja. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Baba Mdogo.

Ndipo nikaiona tena ile taa nyekundu, na maneno ya Mwanzia yakanirudia: stima ilikuwa imeingia wakati wote wa maombi, na choki ilikuwa imeshafunguka. Nilizima ufunguo, nikauchomoa, nikaukalia.

"Inapoa," nilisema.

"Inapoa? Haijawaka, inapoa nini?"

Wazee walicheka. Nikaketi tu. Baridi iliyokuwa ikiniumiza vidole ndiyo sasa niliyoitegemea kuipoza springi. Wazee walipoanza kuzikung'uta kofia zao ili waondoke, nilirudisha ufunguo, nikakanyaga mara moja, nikaachilia, nikawasha bila kungoja mtu. Pikapu ilitetemeka yote, ikanguruma.

"Gari iko na mwenyewe," alisema Mzee Ndeto. Baba Mdogo aliondoka bila kunywa chai.

Mama alikufa kabla maembe ya mwaka huo hayajaiva. Niliacha shule, nikashika usukani, na wadogo zangu wakasoma. Hakuna aliyekuja tena kuulizia pikapu.

Kwa miaka mingi nilibaki na donge moyoni kwamba siku ile mama hakunisaidia. Yeye ndiye aliyeuliza habari ya ufunguo; alijua vizuri kuliko mimi kilichoharibika wakati wa maombi. Lakini angesema neno moja tu, wazee wangeenda zao wakijua kwamba gari ile huwashwa na mama. Na mama alikuwa ameshaambiwa hospitali kwamba hatamaliza mwaka. Ile fremu aliyoing'ang'ania kwa mikono miwili, mimi nilidhani ni ugonjwa uliomfanya ajishikilie; kumbe alikuwa akijizuia asije kunisaidia.