Kisu cha Pindo la Leso

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Agosti. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama. Ukifungiwa ndani, mwenzangu, saa ya ukutani ndiyo huwa televisheni yako. Nyanya alikuwa ameketi jamvini anachana majani ya mkadi yanukiayo, mimi namtungia uzi sindanoni, mara nikasikia *ta!* ambayo si ile ya kila siku. Kuangalia, kisu chake cha kukunja kimekatika kamani, ile springi ya kukifungua. Bapa limelegea, linaning'inia kwenye mpini kama jino la mtoto.

Nyanya alikiweka juu ya leso yake, akakitazama.

Ngoja nikwambie kisu hicho kilikuwa nini kwetu. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, katika nyumba ya nyanya, nyumba ya dari ndefu na ua wa ndani uliojaa mitungi. Kulikuwa na mwasumini ndani ya debe la mafuta, na kila jioni nyanya aliuchuma huku akiusemesha kama mtu. Kazi yake ilikuwa vikuba. Asumini, rihani, mawaridi na mkadi uliochanwa mwembamba, vyote vinafungwa kwa uzi, mwanamke anavibandika kifuani akienda harusini. Mkasi hakuutaka kabisa. "Mkasi hubana," alikuwa akisema, "na mkadi ukibanwa hununa, hautoi harufu." Alitumia kisu hicho tu, na kilikaa kwenye pindo la leso kiunoni, kimefungwa fundo. Alfajiri ningali kitandani nilisikia *ta!* kikifunguliwa, nikajua nyanya ameamka, chai iko motoni, na mahamri yanakuja. Alikatia kila kitu. Embe bichi la pilipili alilonimenyea nikitoka chuoni kusoma Kurani lilikuwa na harufu ya asumini. Mpaka leo nikila embe huona limepungukiwa na kitu.

Tena kulikuwa na adabu yake. Kisu hakipokezanwi mkononi. Ukinipa mkononi tutagombana, ndivyo nilivyofunzwa. Unakiweka chini, mwenzio anakiokota mwenyewe, kwa hiari yake. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimnyooshea kwa haraka, akarudisha mkono nyuma kana kwamba namchoma. "Sinipe hivyo! Wataka tununiane?"

Mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, basi tukahamia Majengo, ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, na mlangoni grili ya chuma. Mwanzoni grili haikufungwa mchana. Halafu siku moja nyanya alitoka, akaenda kwa miguu mpaka nyumba yetu ya zamani, akakutwa ameketi barazani anasubiri afunguliwe mlango. Tangu hapo mama hufunga, na ufunguo huutia kamba shingoni. Akienda kazini huondoka nao. Nikiwa likizoni mimi ndiye mlinzi. Mlinzi na mfungwa, mtu mmoja. Tena nyanya alipojikata kidole gumba kwa kisu kikubwa cha jikoni, mama akavificha visu vyote, akabakisha hicho kidogo tu. Sasa nacho ndicho hicho kimelegea.

"Alhamdulillahi," mama akasema kutoka jikoni, kwa kuwa Jumamosi haendi kazini. "Afadhali. Sasa utapumzika, mama."

"Nipumzike, nimefanya nini?" nyanya akauliza.

"Hivyo vikuba, nitampigia simu mwenye harusi anunue maua ya plastiki. Siku hizi yako mazuri. Hayanyauki."

Mwenye harusi ni jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akioza binti yake kesho yake, Jumapili. Nyanya alimfungia vikuba vya harusi yake yeye, na sasa ilikuwa zamu ya binti. Asumini zilikwisha nunuliwa, zimelala ndani ya bakuli la maji. Nyanya alizitazama, kisha akaitazama grili, halafu akaanza kulikunja jamvi la kazi. Alilikunja taratibu mno. Niliona kuwa akimaliza kulikunja halitakunjuliwa tena.

Sijui sauti ilitoka wapi. Wewe wanijua, mimi hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua huangalia viatu. Lakini nilisema, "Nitamtafutia kingine."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe? Uliyetaka tule wali chapwa kwa kuona haya kumgongea jirani umuombe chumvi? Wewe ukanunue kisu?"

"Mwache aende," nyanya akasema.

Mama alivuta pumzi. "Haya. Uwe umerudi kabla ya adhuhuri. Na kiwe cha bei ya kawaida, si fahari. Lakini nisikize vizuri. Nikiona tone moja la damu kwenye kidole cha mamangu, basi. Hapana kisu, hapana kikuba, nyumba hii."

Grili ilipofunguliwa nyanya alinivuta buibui. "Kinunue cha mkono wangu," akaninong'oneza, "si cha macho yako."

Nilikwenda kwa miguu hadi soko la Marikiti, nikaingia vichochoroni kwenye duka moja la vyuma, la mzee anayeuza kufuli, bawaba na visu. Nilisimama nje mpaka wateja wakaisha. Wakaja wengine. Nikasimama tena.

"Wewe binti," mzee akaita, "watakani? Ama wanilindia duka?"

"Kisu cha kukunja," nikasema, nadhani kwa sauti ya mbu.

"Cha kumchinja nani?" Wateja wakacheka, masikio yangu yakawaka moto. "Mume hujapata bado, ushamtakia kisu?"

Alinimwagia visu juu ya meza ya kioo. Nikafanya kosa lile lile nililoonywa. Kilikuwepo kimoja chekundu, kinang'aa, kina mkasi, kina kizibuo, kina kijiko cha sijui nini. Nilikifungua kwa kucha zangu za miaka kumi na sita, kikafunguka. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Ndipo nikamkumbuka nyanya. Kucha zake hukatwa fupi, vidole vyake viwili havikunjiki, na mikono yake ina mafuta daima, kwa sababu hujipaka mafuta ya nazi kabla ya kushika asumini zisimgande.

Basi nikapitisha mkono chini ya ushungi, nikazipapasa nywele zangu zilizopakwa mafuta asubuhi ile, vidole vikateleza vyote. Halafu nikajaribu tena, vidole viwili nimevinyoosha kama vyake.

"Astaghafirullahi," mzee akasema. "Miaka yote nauza visu, sijaona mtu ajipake mafuta kwanza. Ndiyo mtindo mpya huo?"

"Ni cha nyanyangu," nikasema. "Vidole vyake ni hivi." Nikamwonyesha.

Akaacha kucheka. Akasogeza kiti, akaketi, akawaambia wale wengine wangoje.

Chekundu kilinishinda hata kufungua. Cha pili, kizito, kamani yake ilikuwa kali, kingemvunja ukucha. Cha tatu kilifunguka kwa urahisi lakini kikajikunja chenyewe nilipokikandamiza mezani, nikaona kidole cha nyanya pale katikati, nikakirudisha upesi. Cha mwisho kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote. Mpini wa mti usiopakwa rangi, mnene, unaojaa kiganjani, na shingoni pete ya chuma unayoizungusha ili bapa lisirudi. Bapa lina tundu la kutia gumba, halihitaji ukucha. Kilifunguka kwa vidole vyangu vya mafuta. Nilichomoa uzi kwenye pindo la ushungi, nikaupitisha juu ya makali. Ukakatika bila kuvutwa.

"Makali yasipokuwepo mtu hutumia nguvu," mzee akasema, "na nguvu ndiyo imkatayo. Mpelekee. Mwambie anikumbuke kwa dua."

Kurudi nilipita nyumba yetu ya zamani. Ule mlango tuliokuwa tukiuacha wazi mchana kutwa umefungwa kufuli, na kiyoyozi kinadondosha maji pale pale barazani nyanya alipoketi akisubiri. Sikusimama.

Nyumbani nilikiweka kisu juu ya jamvi. Nyanya akakiokota, akakigeuza, akatia gumba kwenye tundu. Nilishindwa kutazama. Kilipofunguka hakikutoa sauti yoyote, na aliinua macho kunitazama.

"Hakisemi," akasema.

"Hakina kamani, nyanya. Zungusha ile pete."

Akaizungusha. Akachana jani la mkadi, ukatoka utepe mwembamba kama uzi, na chumba kizima kikanukia nyumba yetu ya zamani. Mama aliketi kitini kando yetu, simu mkononi, lakini haikuwa simu aliyoitazama. Mara akaruka. "Damu! Si nilisema? Si nilisema?" Akamshika nyanya mkono, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Ilikuwa petali nyekundu ya waridi imegandia gumbani. Nyanya akaibandua, akambandika mama kwenye paji la uso. "Haya, sasa mpigie mwenye harusi simu anunue ya plastiki," akasema. Mama alijaribu kununa, lakini akashindwa.

Vikuba vyote vilikwisha kabla ya magharibi, tukavifunika kwa kitambaa kibichi. Nyanya akakikunja kisu, akakifunga kwenye pindo. Kile cha zamani nimekichukua mimi. Nimejaribu kukifungua nisikie ile *ta!*, na kimekataa. Sauti hiyo imekwenda ulikokwenda ua ule, na debe, na mahamri ya kuamshiwa. Na hata hiki kipya kimemrudishia mikono tu. Mlango bado ulikuwa umefungwa.

Jumapili asubuhi mama alinipa sinia ya vikuba. "Wapelekee, urudi upesi," akasema, akavua ile kamba shingoni afungue grili.

"Naenda na nyanya," nikasema.

"Ngazi zote hizo?"

"Nitamshika."

"Na akipotea?"

"Hakupotea siku ile, mama. Alikwenda kwao."

Mama alimtazama nyanya, ambaye, sijui tangu saa ngapi, alikuwa ameketi kando ya mlango na buibui lake, kikuba kifuani, mkono juu ya pindo la leso. Mama akanyoosha ufunguo anipe, kisha akaurudisha mkono. Akauweka juu ya meza.

Nikauokota.