Matuta ya Mama Kwenye Kiwanja cha Nguzo

Mimi ni mtu wa kushangilia mapema. Ukiniambia huenda mvua ikanyesha, nimeshaanua nguo. Kwa hiyo siku mtendaji wa kata aliponiambia kwamba kile kiwanja cha nguzo hapa Kizwite kinaweza kupewa watoto wangu, nilipiga vigelegele palepale ofisini, watu wakachungulia kutoka vyumba vya jirani wakidhani kuna mchumba kaja.

"Mwalimu, nimesema kinaweza," mtendaji akanisihi. "Sijasema kimeshatolewa."

Nani alimsikiliza? Nilikuwa nimeshaona darasa lina madirisha.

Watoto wenyewe sikuwazaa mimi. Ni watoto wa shule ya awali, thelathini na kitu, niliokuwa nikiwafundisha kwenye chumba kimoja cha kupanga, wamebanana kwenye mikeka. Mwenye chumba ni mfanyabiashara wa nafaka, na alikuwa ameshanipa taarifa: mahindi yakianza kushuka kutoka mashambani, chumba kinageuka ghala. Hapa Sumbawanga mtu hagombani na mahindi. Mvua zikiisha bila kupata pa kwenda, wanangu wangerudi kushinda sokoni chini ya meza za mama zao, na shule ingekufa. Nililijua hilo kila asubuhi nilipokuwa nawahesabu.

Kiwanja cha nguzo kilikuwa kikubwa na kizuri, lakini kina historia yake. Zamani kampuni moja ilikuwa inatia nguzo na mbao dawa pale, ile dawa ya kijani ya kuzuia mchwa. Nguzo zikitoka kwenye tangi zinaanikwa, dawa inachuruzika chini, miaka na miaka. Kampuni ikafunga, watu wakang'oa mabati, zikabaki nyasi na matangi mawili yenye kutu. Na kwa mujibu wa kanuni, ardhi ya namna ile haiguswi mpaka ipimwe.

Basi mwezi wa pili akaletwa afisa wa mazingira kuja kuniambia hizo kanuni. Alishuka kwenye bodaboda na raba nyeupe, kwenye tope letu la Ufipa! Kijana mdogo tu, lakini alipoanza kueleza nikasahau raba zake. Akasema hakuna kuchimba, hakuna kuhamisha udongo hata ndoo moja. Udongo wa juu unapimwa peke yake, wa chini peke yake, kwa sababu sumu hukaa juu kwanza, na ukiujua urefu wake kwenda chini ndipo unajua cha kufanya. Akasema tena kwamba kila matumizi yana kiwango chake, na kiwango cha shule ya watoto ni kikali kuliko cha gereji, maana mtoto mdogo anakula udongo.

"Wa kwangu wanakula hata chaki," nikamwambia.

Hakucheka. Akaandika.

Jamani, sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilikuwa nadhani kanuni za serikali ni za kumzuia mtu kujenga choo. Kumbe kuna mahali watu wazima wamekaa mezani wakajiuliza mtoto wa miaka minne anatia nini mdomoni! Nilimsaidia kijana yule kupigilia vigingi kiwanja kizima, mvua inatunyeshea, naongea mpaka akaniomba nipumzike kidogo. Akasema atarudi baada ya wiki mbili na vifaa vya kuchukulia udongo.

Nikarudi nyumbani mbio kumweleza mama yangu. Mama ni mkulima wa zamani, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu, na pale nyumbani tunaongea Kifipa. Nikamweleza yote: kwamba ardhi ile ni mgonjwa, imejaa sumu, wataalamu watakuja kuipima, tusubiri. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaniuliza imelala miaka mingapi bila mtu. Nikamjibu. Akasema, "Maskini," kama vile namsimulia habari za jirani.

Ningejua kichwa chake kinapanga nini, nisingeondoka. Lakini kulikuwa na msiba wa shemeji yangu kule Kabwe, ziwani, nikakaa huko siku tisa.

Niliporudi, nikashukia stendi nikapitiliza moja kwa moja kiwanjani, na mzigo wangu wa samaki, migebuka ya ziwani, kichwani, kwa sababu ndiyo siku afisa aliyosema anarudi. Nikakuta ntumba.

Asiyekuwa wa Ufipa nimweleze. Ntumba ni matuta yetu ya mviringo. Nyasi zikiwa ndefu wakati wa mvua, unazikata, unazilaza chini, unazivutia udongo wa pembeni kwa jembe mpaka zinafunikwa. Zinaozea humo, ardhi inapata nguvu. Ndivyo tunavyolitibu shamba lililochoka, toka enzi za mabibi. Na mama yangu alikuwa amekusanya wanawake wenzake kumi na wawili, wakapika togwa, wakaimba, wakaivamia ardhi mgonjwa wakaipa dawa. Kiwanja karibu chote kilikuwa matuta kama vichwa vya watu waliokaa. Vigingi vyetu walikuwa wameving'oa na kuvipanga vizuri pembeni, vimefungwa kamba, visipotee.

"Umeona?" mama akaniambia, jembe begani, uso unang'aa. "Mpaka wakija hao wataalamu, watakuta imeshaanza kupona."

Nikawaka. Haki ya Mungu, niliwaka. Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya wanawake wenzake, tena kwa Kiswahili, lugha ya ofisini. Nikamwambia ameniharibia, amechanganya udongo wa juu na wa chini, amewafukuza watoto thelathini darasani kwa jembe lake. Wanawake wakainamisha vichwa. Mama akakunja kanga yake akaifunga upya kiunoni, kama mtu anayetafuta mikono yake ifanye nini.

Na afisa akafika katikati ya makelele hayo. Safari hii na mabuti. Akasimama, akatazama, akavua kofia.

"Nani amefanya hivi?"

Niseme nini? Nikasema ni mimi. Mama akasema, "Mwongo. Ni mimi, baba, na hawa. Shikamoo yako isubiri, nikaripie mimi kwanza."

Kijana hakukaripia. Lakini sura yake ilikuwa imeanguka, na akaniambia taratibu kwamba ardhi ikishavurugwa namna hii anatakiwa kuandika kwamba vipimo haviwezekani, na faili linarudi mwanzo. Mwanzo maana yake mwaka mwingine. Nikaweka migebuka chini.

Akaanza kutembea baina ya matuta ili aandike vizuri. Tukamfuata. Alipofika karibu na matangi akasimama. Pale palikuwa na eneo tupu kama sebule mbili hivi, halina tuta hata moja, udongo umelala vilevile tulivyouacha.

"Na hapa? Mbona mmeparuka?"

"Hapana nyasi hapo," mama akamjibu, akimshangaa. "Ntumba bila nyasi utafukia nini?"

Afisa akageuka akamtazama. "Haikuwa na nyasi kabisa? Hata kabla?"

"Hata moja. Tena kule pembeni zilikuwa fupi, za njano. Nenda kaangalie, matuta ya kule ni madogo. Nyasi nyingi, tuta kubwa. Nyasi chache, tuta dogo."

"Na udongo wa kila tuta mliutoa wapi?"

Wanawake wakacheka kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu nimewafokea. Mmoja akachukua jembe akamwonyesha: unasimama hapa, unavuta kutoka hapa mpaka hapa. Urefu wa mkono na mpini, basi. Nani atabeba udongo kutoka mbali, ana wazimu?

Weee! Ungemwona yule kijana. Alichuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Akasema udongo haujasafiri! Akasema pale pabaya zaidi hapajaguswa, na kwa hayo matuta makubwa na madogo ni kama wamemchorea ramani ya sumu. Atachukua udongo wa kila tuta, na wa mtaroni, na wa chini zaidi ambako jembe halifiki, na kwenye ripoti ataeleza kila kilichofanyika bila kuficha. Wakubwa zake wakikubali, sawa. Wasipokubali, basi. Mimi nilikuwa nimeshamkumbatia.

Tulifanya kazi mpaka jua likazama, yeye anazungusha chuma chake ardhini, mimi naandika namba kwenye vifuko, mama anamwonyesha njia. Alipokuwa anaondoka akarudia katazo: hakuna kulima chakula hapa mpaka majibu yatoke. Mama akatazama pembeni.

Usiku huo nilimpigia mama magoti, nikamwomba msamaha. Akanisamehe kwa kunipakulia ugali. Ndiyo maana siku chache baadaye, maharage yalipochomoza juu ya kila tuta, sikusema neno. Nilijua ameyapanda kabla afisa hajaja siku ile, wala hakung'oa kitu. Ningemfokea tena? Sikuweza. Nikajidanganya kwamba majibu yakitoka safi, hakuna tatizo, na kila nikipita pale naona maua, najisikia kuimba.

Majibu yalitoka mvua zikiwa zinakatika, na magunia ya kwanza ya mahindi yalikuwa yameshaegeshwa mlangoni pa darasa langu. Afisa akaja na mtendaji, karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Tukakusanyika kiwanjani, mimi, mama na wale wanawake wote. Akasema wakubwa zake wameikubali ripoti, akasoma. Pale patupu karibu na matangi pana sumu, pazungushiwe uzio na watoto wasipakaribie mpaka pashughulikiwe. Kwingine kote panafaa kwa darasa, sakafu iwe ya zege, na uwanja wa kuchezea umwagiwe udongo safi kutoka kwingine. Nikaanza vigelegele. Akanyanyua kiganja.

"Mwalimu, bado. Mazao ya kuliwa hayaruhusiwi kwenye ardhi hii. Kabisa. Siwezi kusaini kibali cha watoto na haya maharage yamesimama hapa."

Tukayatazama. Yalikuwa yamebeba, jamani, maganda marefu ya kijani yameshuka mpaka chini. Hapa Ufipa mtu hang'oi maharage yaliyobeba. Ng'ombe akiingia shambani kwenye maharage yaliyobeba, watu wanafikishana baraza la kata. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameyapalilia kwa zamu na kila mmoja alijua matuta yake. Nikafungua mdomo kumbembeleza afisa: wiki mbili tu, tuvune, tutakula sisi watu wazima.

Mama akanitangulia. Akachuma ganda moja, akalipasua kwa kucha, akamwekea yule kijana punje kiganjani. Nyeupe, zimejaa.

"Baba, una mtoto?"

"Ninaye mmoja, mama. Ana miaka mitatu."

"Haya ungempikia?"

Kijana akazirudisha zile punje kiganjani mwa mama. "Hapana, mama."

Mama akainama kwenye tuta lililokuwa miguuni pake, akashika shina kwa mikono miwili, akang'oa. Akang'oa la pili. Nilimsikia anapumua kwa nguvu kila linapokatika mizizi. Kisha mwanamke wa pili akainama, na wa tatu, na mimi nikavua viatu nikaingia, nalia na kucheka kwa pamoja, mikono inanuka majani mabichi. Hakuna aliyeimba siku hiyo. Tulipofika tuta la mwisho mgongo wa mama ulikuwa umekataa kunyooka, ikabidi nimshike.

Akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia afisa aliyekuwa bado amesimama na kalamu yake.

"Sasa andika," akamwambia. "Andika watoto waje."