Mibono Palipokuwa na Ngitili

Julai 2008, mfugaji mmoja wa karibu na Kolandoto alifyeka ngitili ya baba yake, malisho yaliyotunzwa kwa ajili ya kiangazi, akapanda mibono ya kukamuliwa mafuta ya magari. Wanunuzi waliacha kuja zamani. Ng'ombe wake bado hujiendea huko kila asubuhi, hunusa majani yasiyolika, husimama. Naye husimama nao, akipiga mluzi uleule aliokuwa akiwaitia kivulini mwa migunga ya ngitili.

"Baba watoto, ng'ombe hawanywi dizeli," mkewe humtania.

"Nyasi zilikuwa zinanifika kiunoni, mama," hujibu taratibu.

Jana ng'ombe mmoja mkongwe alijilaza palipokuwa na migunga. Mfugaji akasimama upande wa jua, akamkinga kwa koti lake mpaka alipoinuka. Kesho ng'ombe wote wanapelekwa Ushetu kwa shemeji yake, na yeye anabaki kung'oa mibono.