Kumpeleka Mashavu Matulo

Mwenye ploti ninapopanga alinipa mpaka Jumapili niwe nimemtoa nguruwe wangu. Mashavu, niliyemwokota mtaroni alipoanguka kutoka kwa lori la kichinjioni, alikuwa amepona mguu na kumaliza sukuma wiki ya majirani. Mwenye bucha alishakuja mara mbili kumpapasa mgongo. Palibaki mahali pamoja tu: Matulo, kwa Mwalimu Nekesa, mstaafu anayetunza wanyama waliookolewa. Naye alinionya kwa simu kwamba nguruwe wake wakimkataa, nitarudi naye.

Jumamosi asubuhi, Kitale. Nimelelewa kwamba hatuendi kwa watu tukiwa wachafu. Nikamsugua Mashavu kwa sabuni yangu ya kuoga, nikampaka mafuta nyuma ya masikio, kisha nikavaa rinda langu la kanisani. Simiyu, mwenye pikapu, alishika kiuno.

"Mama Ciru, ati huyu anaenda arusi?"

Kiminini tulipita vizuri. Kamukuywa mvua ikatunyeshea, nikamfunika kwa turubai. Webuye tulisimama kumpa maji, na jamaa mmoja akapiga kelele, "Krismasi imefika mapema, bana!" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tulifika Matulo saa sita. Mwalimu Nekesa, gambuti za mpira zikimfika magotini, alitupokea kwa mikono miwili. "Kalibuni sana. Hebu tuone kama watamkubali."

Alifungua lango. Nguruwe watano wakamzunguka Mashavu, wakamnusa, wakaanza kupiga mayowe. Jike mzee akamuuma sikio. Mashavu akakimbia kujificha nyuma ya rinda langu akitetemeka, nami nikaiona ile bucha mbele ya macho yangu.

Mwalimu aliinama akamnusa.

"Kwani umemuosha na nini?"

"Sabuni."

"Gani?"

"Yangu. Na mafuta kidogo."

Alicheka mpaka akashikilia ua. "Mama, hawa wanajuana na halufu! Huyu ananuka kama wewe. Toa viatu."

Tulibeba nyasi chafu walizolalia wale wengine, pamoja na tope lao, tukamsugua Mashavu kuanzia pua hadi mkia. Nilisugua kwa bidii zaidi kuliko asubuhi. Rinda nililisahau kabisa.

Lango likafunguliwa tena. Jike mzee alimnusa muda mrefu. Kisha akaguna, akaenda kulala topeni. Mashavu akamfuata, akajilaza ubavuni pake. Nililia pale pale, bila aibu, kwa furaha.

"Sasa ni wa hapa," Mwalimu akasema.

Kurudi, Simiyu alinikalisha nyuma, mahali pa Mashavu, ati kwa harufu ile mbele hapakaliki nami. Sikubisha. Njia nzima nilifikiria kwamba kumpenda mnyama si kumfanya awe kama mimi, na kwamba nilikaribia kumponza kwa sabuni nzuri.

Jioni, Kitale. Mwenye ploti alitoka nje akikunja pua.

"Mama Ciru, si nilisema umtoe huyo nguruwe?"

"Ameenda," nikamwambia. "Huyu ni mimi."