Rael Haoni Ua

Kila mwaka, mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, ua jekundu hutoboa ardhi peke yake, bila jani, mviringo kama mpira wa watoto uliowashwa moto. Kwetu, nje kidogo ya Homa Bay, hilo ndilo hutangaza kwamba masika yamefika na mbegu ziingie shambani. Halihitaji betri, wala haliongei Kiingereza kama redio ya chifu.

Tatizo ni kwamba kuchanua hakutoshi. Lazima mikayi, yaani mke wa kwanza, alione. Akishaliona anapanda yeye, ndipo mke mdogo apande. Atakayemtangulia ataletea boma chira, laana inayokausha watoto kama dagaa wa omena juani. Kwa hiyo Rael, mikayi wa Walter, aliheshimiwa mara moja kwa mwaka, kama asubuhi moja hivi. Siku nyingine zote mumewe alikaa kwa mke mdogo, Filister, kwenye mabati. Paa la Rael lilikuwa la nyasi, na ndani yake panya walishapata wajukuu. Walter aliahidi kuliezeka upya tangu kabla ya Uhuru. Uhuru ukaja, watu wakauzoea, paa likabaki chini ya mkoloni.

Mwaka wa sitini na tano ua lilichanua katikati ya njia ya mtoni. Rael, mtungi kichwani, alilikwepa kwa mguu na kuendelea.

Filister akamfuata mbio. "Nyieka, umeliona ua?"

"Ua gani, mke mwenzangu?"

"Hilo uliloliruka."

"Macho yangu siku hizi yana ukungu. Nadhani ni haya maji yanayonidondokea kitandani."

Filister hakucheka. Mwaka uliotangulia mtama wake ulichelewa ukaliwa na ndege, na wanawe wakanywa uji mwepesi hadi wakaona chini ya bakuli. Mvua hii ikipita bila mbegu ardhini, bakuli ni lile lile.

Walter akaona hayo ni mambo ya kumaliza kiume. Alichuma ua jingine nyuma ya zizi, akampelekea Rael mlangoni.

"Mama Paul, ndilo hili. Shika, uone vizuri."

"Asante. Hata siku ya arusi hukuniletea. Lakini la kuchuma ni pambo, Baba Paul. Mimi nangoja la ardhini."

Walter alirudi kwa Filister kula. Jikoni hapakuwa na moto.

"Ugali wako uko juu ya paa la Rael," Filister alimwambia. "Panda ukauchukue."

Akapanda. Aliezeka huku mvua ikimchapa mgongoni, wake zake wawili wakimrushia nyasi kutoka chini na kumwonyesha alipopinda. Alipomaliza, lile ua la njiani lilikuwa limenyauka, limeinama, jeusi kama utambi wa taa.

Rael alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Kumbe ndiyo kwanza linachanua."

"Sasa hivi tu, nyieka," alisema Filister, jembe tayari begani.

Wote wawili wakamgeukia Walter. Akatoa nyasi sikioni, akalitazama lile ua vizuri, akasema hajawahi kuona jekundu kama lile.