Afande Desideri na Helikopta ya Saa Nne

Wiki iliyopita helikopta ilipita juu ya shule ninayofundisha hapa Mbinga, ikitokea upande wa ziwani. Niliisikia kabla ya wanafunzi wangu. Nikaweka chaki mezani, nikatoka nje ya darasa la fizikia na kusimama uwanjani nimeinua shingo, mpaka mlio wa pangaboi lake ulipofifia nyuma ya mashamba ya kahawa. Wanafunzi walicheka, wala siwalaumu. Mwalimu mzima, mama wa watoto wawili, anakimbilia helikopta! Lakini mlio ule ukinikuta popote unanirudisha kijijini kwetu Mbaha, kwenye ufukwe wa ziwa, nikiwa na miaka kumi na mmoja, miguu imejaa mchanga na nywele zinanuka moshi wa kukaushia samaki.

Utotoni nilikuwa mgonjwa wa ndege. Wenzangu walichora maua na nyumba. Mimi nilichora mabawa, mikia na miavuli ya kurukia. Aliyeniambukiza ni Baba mkubwa Desideri, kaka yake baba. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na shamba dogo la mihogo, na nililivuka kila siku kwenda kumsikiliza. Alikuwa komandoo mstaafu. Kijiji kizima kilimwita Afande, hata wazee waliomzidi umri. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu siku upepo ulipombeba na mwavuli wake ukamtupa kwenye mawe. Alinifundisha kutofautisha ndege kwa sauti, na kuutambua mwelekeo wa upepo kwa moshi wa jikoni. Kuhusu vita hakusema mengi. Nilipomwomba anisimulie mapigano, aliniambia, "Skola, komandoo hafundishwi kuua. Kuua kila mtu anaweza. Anafundishwa lini asiue, na hilo ndilo somo linalofelisha wengi." Nilimwona ananinyima utamu.

Likizo moja wanajeshi walikuja kufanya mazoezi kusini mwa ufukwe wetu, na kila asubuhi helikopta yao ilipita Mbaha ikielekea kaskazini. Siku ya kwanza ilishuka chini mno. Upepo wake ukapeperusha usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wameanikwa kwenye vichanja, na akina mama walishinda kutwa nzima wakiokota samaki mchangani na kuwataja marubani kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilikuwa peponi. Nilichukua daftari langu la hesabu nikaanza kuandika saa ya kila safari, upande ilikotokea na jinsi ilivyoruka. Baba mkubwa alilikagua daftari hilo jioni, akanirekebishia tahajia kwa kalamu nyekundu.

Siku ya tano, asubuhi, mashine ya boti ya baba haikuonekana. Ilikuwa imeibwa, pamoja na za wavuvi wengine wawili. Bila mashine ile baba hakuwa na kazi, nasi hatukuwa na chakula. Hilo hata mimi nililijua. Haikupita muda wavuvi wakamkamata kijana mmoja tusiyemjua, amejificha kwenye matete, mikono imejaa grisi. Wakamburuta mpaka kwenye vichanja vya usipa. Nilimwona baba yangu, mtu mpole anayeimba kwaya, ameshika kasia kwa mikono miwili. Nilimwona pia mtu anakuja na dumu la petroli.

Nilikimbia kuvuka mihogo. Baba mkubwa alikuwa anapukuchua mahindi. Hata shikamoo sikumpa; nilimwambia tu kwamba wamekamata mwizi vichanjani.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Wengi. Kama thelathini."

"Petroli?"

"Ipo."

Akainuka huku akijipangusa makapi. "Daftari lako linasemaje? Helikopta inapita saa ngapi?"

Nilikuwa nalo kwapani. "Jana saa nne kasoro kumi. Juzi saa nne kasoro dakika nane."

Akatazama saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika kama saba. Akaniambia nikasimame kwenye ngazi za zahanati, hatua chache kutoka vichanjani, na nikiisikia tu nimpigie kelele. "Wewe unaisikia mapema kuliko wote. Mimi masikio yangu yalibaki ndani ya zile ndege." Kisha akachechemea kuelekea kwenye kundi lile, amevaa fulana yenye tundu begani, mikono mitupu.

Pale ngazini nilimwona akipenya katikati ya watu, akisalimia mmoja mmoja kwa jina kama aliyefika harusini. Wengine walimpisha kwa heshima. Wengine walimwambia, "Afande, leo usituingilie." Akasimama karibu kabisa na yule kijana, akaanza kuuliza maswali marefu yasiyo na maana: mashine zilikuwa za rangi gani, nani aliziona mara ya mwisho. Sikuelewa. Nilidhani amezeeka. Mwenye dumu alikuwa anafungua kifuniko.

Ndipo nikaisikia, mbali, kama mtu anayetwanga kinuni ng'ambo ya kilima. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Yeye aliniagiza nipige kelele tu. Lililonitoka mdomoni nililitunga mwenyewe.

"Helikopta! Inatuaaa! Inatua hapa!"

Haikuwa inatua. Huo ulikuwa uongo, na baadaye niliuungama kanisani. Padri alicheka nyuma ya kitambaa, nikamsikia. Lakini akina mama waliokwisha kupoteza usipa mara moja hawakusubiri kuhakikisha. Walikimbilia vichanja vyao wakiwaita waume zao kwa sauti ambayo hakuna mume anayeipuuza. Mkeka huku, turubai kule. Mwenye dumu naye aliliacha chini, maana kichanja cha mkewe ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Helikopta ikapita juu yetu kwa kishindo, mchanga ukatimka, kila mtu akafumba macho.

Nilipofumbua yangu, Baba mkubwa alikuwa katikati ya njia, amembeba yule kijana begani, goti lake bovu likipinda kila hatua. Akanipita ngazini akihema, akamkabidhi kwa muuguzi, akafunga mlango kwa nje, akavuta benchi la wagonjwa na kuketi juu yake.

Kundi lilirudi na hasira mara mbili. Mbele yao alikuwa baba.

"Kaka, toka mlangoni."

"Sitoki, Kosmasi."

"Mashine ni yangu!"

"Mashine ni yako. Huyu mtu si wako." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. "Atatoka humu na polisi. Ukitaka kuingia kabla yao, anza na mimi. Lakini mwanao yuko hapo ngazini. Anakutazama."

Baba akageuka. Macho yetu yakakutana. Nilikumbatia daftari langu. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Aliweka kasia chini taratibu, kana kwamba lingevunjika, akaondoka. Wengine walibaki wakifoka kidogo, kisha wakaanza kukumbuka kazi zao. Polisi walifika mchana.

Kijana yule alikuwa mwizi kweli. Alimwambia muuguzi mahali mashine zilipofichwa, karibu na mdomo wa mto, na zote tatu zikapatikana. Hata hivyo baba hakumsemesha kaka yake mpaka mahindi ya msimu ule yalipovunwa, nami nikawa mjumbe wa kuvusha chumvi na salamu kwenye mihogo.

Jioni ya siku ile nilimpelekea Baba mkubwa chai. Nikamuuliza kama jeshini aliwahi kufanya operesheni kubwa kama hii. Akasema mara moja walishushwa kwa helikopta mahali walipoambiwa pana maadui, wakakuta familia inapika uji. Kiongozi wao akawaamuru warudi. "Tulirudi bila kitu, Skola. Ndiyo safari ninayojivunia."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile alimwokoa mwizi, na kwa hilo pekee nilitembea Mbaha kifua mbele. Nilipohitimu ualimu, nyumbani walichinja mbuzi, na baba akaombwa aseme machache. Nilitegemea anisifu. Badala yake alimgeukia kaka yake mbele ya wageni wote. "Siku ile pale vichanjani," alisema, "mimi nilikuwa nimeshakuwa muuaji, ilibaki kupiga tu. Huyu hapa alinirudisha nyumbani kwa watoto wangu."

Baba mkubwa akainamia sahani yake, akasema, "Kaa chini, Kosmasi, nyama inapoa."

Hapo ndipo nilipojua ni nani Baba mkubwa aliyemfuata kule ufukweni: si mwizi, bali mdogo wake.